Jiko la Wanne, Mshahara wa Watatu

Nimetua mwiko mwaka huu. Bega la kulia limekataa, na mpishi wa ugali asiye na bega ni mtu wa kuota moto tu na kuwaziba wenzake njia. Vijana wa hoteli za hapa Mugumu, ninyi mlionikuta nikiwa tayari na mvi, mmeniomba niandike jinsi tulivyofanya kazi kule machimboni wakati dhahabu imepamba moto. Shule niliishia darasa la nne. Anayetafuta maneno mazuri akatafute kwa walimu. Mimi nitaandika kama nilivyosonga, kwa nguvu, mpaka mabonge yaishe.

Vyeo sitaviandika. Jikoni hakuna cheo, kuna aliye karibu na moto na aliye mbali nao. Mishahara yangu nayo siwaambii, ni yangu. Ila kuna nyongeza moja nitaisema, ile iliyoletwa na serikali, kwa sababu nilikuwepo ilipoingia jikoni kwetu na nilimwona aliyetoka.

Sikwenda machimboni kupika. Mwanaume aliyezaliwa Machochwe, akachunga ng'ombe, akatahiriwa pamoja na wenzake mchana kweupe bila kupepesa jicho, anaondokaje kwao kwenda kupika? Nilikwenda kuchimba. Mwaka ule tembo walitoka hifadhini wakalala kwenye mahindi yetu, hawakuacha hata bua la kumpa ndama. Na habari zilizozagaa zilikuwa kwamba ng'ambo ya Mto Mara, upande wa Tarime, watu wanaokota dhahabu kama kokoto. Uongo mtupu. Nilishuka kwenye duara, yaani lile shimo la wachimbaji wadogo, nikapanda na vumbi kifuani. Nikashuka tena, nikapanda na vumbi lingine. Mwisho nikawa natembea pale senta, penye maduka, kwa kufuata harufu ya nyama.

Harufu ilinifikisha kwenye hoteli ya mabati yenye mabenchi marefu. Nyuma yake palikuwa na jiko la wazi, na mama mmoja mnene amefunga kitenge kifuani.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Unataka kula ama unataka kunitazama?"

"Sina hela, mama. Nina mikono."

"Hiyo mikono hata kipofu anaiona. Ebu shika huo mwiko."

Huyo alikuwa Mama Nyangi. Alipikia watu miaka mingi Isebania, upande wa Kenya, kabla ya kuvuka kurudi kwao Sirari, ndiyo maana Kiswahili chake kilikuwa na "ama" nyingi. Mwiko alionipa ulinifika kifuani. Sufuria ilikuwa ya kumwogeshea mtu mzima. Nikaushika mwiko kama jembe, nikavuta mara chache, ugali ukagoma.

"Acha kusonga na mikono," akasema. "Mikono itakufa kabla hao watu hawajashiba. Songa na kiuno. Weka mguu mmoja nyuma, kama unasukuma ng'ombe aliyekwama."

Nikaweka mguu nyuma. Ugali ukageuka. Siku hiyo nilikula nikashiba, na kesho yake nikarudi bila kuitwa. Kazi yangu ilianza hivyo. Hakuna aliyeniuliza cheti.

Wenzangu niliotahiriwa nao walinikuta hapo kabla wiki haijaisha. Waliingia watatu, wakanichungulia jikoni, wakaanza.

"Mwita! Umeolewa lini, wewe?"

"Na mahari yake walitoa ng'ombe wangapi?"

"Hawakutoa. Walitoa mwiko!"

Nikawaambia, "Kaeni mle au mpishe wenye njaa." Wakakaa. Walikula wakarudia. Mtu anayekucheka huku ameshika tonge lako mkononi huyo keshashindwa, ila yeye bado hajajua.

Mama Nyangi alinifundisha mambo ambayo leo naona mnayarukaruka. Unga wa muhogo unuswe kabla haujalipiwa. Ukiwa na harufu ya gunia bichi, mrudishie mwenye nao hata kama ni shemeji yako. Kuni mbichi hazifichiki, moshi wake mteja anaula kwenye ugali. Mchuzi usiufunuefunue kila tajiri anapopita ili aone unafanya kazi, kwa sababu tajiri halindi mchuzi, mfuniko ndio unaoulinda. Tajiri ni yule mwenye hoteli. Kule tulimwita hivyo hata siku alizokuwa hana kitu.

Na alinifundisha kumsoma mteja. Mchimbaji ambaye duara lake limetema, yaani limetoa mali, anaingia kwa kelele na kuagiza nyama kabla hajakaa. Ambaye halijatema anaingia kimya, anaomba ugali na mchuzi wa kupitishia. "Huyo kimya mpe kwanza," Mama Nyangi alikuwa akisema. "Huyo mwingine leo anapenda kila mtu, atasubiri." Nimefanya hivyo maisha yangu yote ya jikoni na sijawahi kupigwa sahani.

Tajiri wetu aliitwa Wambura. Alikuwa ameuza ng'ombe wake karibu wote kujenga ile hoteli, na kila mvua iliponyesha juu ya mabati alitazama juu kama anawaona wanakimbia. Si mtu mbaya. Nasema hivi mapema kwa sababu mtakapofika mbele mtataka kumtukana, na kumtukana ni rahisi.

Jiko lilipopata watu likawa na wanne. Mama Nyangi kwenye mboga. Mimi kwenye ugali. Bhoke, binti mwenye miguu mirefu, kwenye chai, chapati na kuhudumia mezani. Na Robi kwenye vyombo.

Robi niwaeleze vizuri. Kwetu Wakurya, mama asiyejaliwa mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa mke, ili watoto wa huyo mke wawe wa nyumba yake. Wageni wanashangaa, sisi hatushangai. Robi alikuwa ameolewa hivyo na mama mmoja mzee sana, akimwita mama mkwe. Ng'ombe wote wa yule mzee walimalizikia kwenye mahari. Kwa hiyo nyumba ile ilikuwa na bibi asiyeona vizuri, watoto wadogo, na Robi. Hakukuwa na mkono mwingine wa kuleta chochote. Chakula kilichobaki jioni tulikuwa tunagawana kubeba kwa vikapu, hiyo ilikuwa desturi ya jiko, na sisi wote tulikuwa tunayapunguza mafungu yetu kidogo ili la Robi lijae. Hakuomba. Alikuwa akisema tu, "Mama mkwe wangu amewasalimu wote," tukajua kikapu kilifika.

Na kuosha alikuwa anaosha. Watu wanadhani kuosha vyombo ni kazi ya aliyeshindwa kazi. Sahani za wachimbaji zina mafuta na udongo mwekundu, udongo unaoshika kama saruji. Robi alizipanga sahani kwa uchafu wake, zenye mafuta mwisho, akawa anabadilisha maji kidogo kidogo kwa sababu maji kule yalikuwa ya kununua kwa dumu. Siku ya mnada wa ng'ombe, hoteli ikijaa mpaka watu wanakula wamesimama, sahani ilikuwa ikitoka mkononi kwake moja kwa moja hadi kwangu, bado ina joto.

Basi mwaka ule redio ikatangaza kwamba serikali imepandisha kima cha chini cha mshahara, na hoteli zimo. Bhoke alirusha taulo juu. Mama Nyangi aliimba. Mimi nilisonga kwa furaha mpaka nikamwaga. Robi aliuliza, "Na waosha vyombo wamo?" Bhoke akamjibu, "Wote, dada. Hata huyu Mwita na kiuno chake."

Tajiri Wambura hakuja jikoni siku mbili. Siku ya tatu alikuja na kigoda chake akakaa katikati yetu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Nimesikia redio kama ninyi," akasema. "Nitalipa. Sitaki kesi na serikali. Lakini redio imesema nilipe kiasi gani, haikusema nilipe wangapi."



"Pandisha bei ya chakula," Mama Nyangi akamwambia.

"Nilipandisha juzi, hukuona? Wateja walikwenda wapi?"

Tulijua walikokwenda. Kando ya barabara kina mama walikuwa wamefunga maturubai, kila mmoja na sufuria yake na binti zake wa kumzaa. Redio haikuwahusu wale, nani anamlipa mwanawe mshahara wa sheria? Tajiri alipoongeza bei kidogo tu, mabenchi yetu yalikuwa meupe mchana. Alirudisha bei haraka kabla hata hatujazoea kuitaja.

"Mmoja atoke," akasema. "Robi ndiye wa mwisho kuingia. Na nikikutwa na mtu ninamlipa chini ya sheria, nafunga mlango, nabomoa mabati, narudi kwangu. Hapo hamtabaki hata mmoja. Mnanisikia?"

 Robi alikuwa anasugua sufuria, akaendelea kuisugua, na ilikuwa imeshatakata.

Mama Nyangi ndiye aliyesema, "Tufanye risaga."

Kwa asiyejua, risaga ni desturi yetu ya kulimiana. Leo majirani wote wanakwenda shamba la fulani, wanalima, wanakula na kunywa kwake. Kesho wanakwenda la mwingine. Hakuna anayelipwa na hakuna anayebaki nyuma. Mama Nyangi alitaka tuzungushe: mishahara mitatu ya sheria, watu wanne. Kila siku mmoja wetu apumzike kwa zamu, na mwisho wa mwezi tuchange na kugawana sawa. Tajiri apate watatu wake wa sheria, na Robi abaki.

Tajiri akasimama. "Mbele ya serikali, wangu ni watatu," akasema. "Ninyi wengine mambo yenu mtayajua wenyewe." Akabeba kigoda chake. Ila mlangoni akageuka. "Na chakula cha kubeba jioni basi. Kimo ndani ya mshahara."

Hivyo tuliipata sheria kwa mkono mmoja na kikapu kikaondoka kwa mwingine. Hata hivyo, tulifurahi. Kwenye kugawana, kila mmoja alipata zaidi kidogo ya zamani, na hakuna aliyefukuzwa. Niliona tumeizunguka shida kama watu wazima.

Tatizo la risaga ni hili, na halikuonekana mpaka tulipokuwa ndani yake. Mtu aliyelelewa kwenye risaga hawezi kukaa nyumbani wenzake wakiwa shambani. Ni aibu kubwa kuliko wizi. Kwa hiyo siku ya zamu yako ya kupumzika ulikuwa unaamka, unakaa, unasikia senta inavuma, unajua Bhoke anakimbia peke yake na chai. Mchana uko jikoni. "Nimepita tu kuwasalimu," unasema, na tayari umeshika kisu na kitunguu. Tulikuwa tunafanya hivyo wote. Tajiri alituona, akapita kama hakuona. Watatu aliwalipa, wanne walifanya kazi, na hakumlazimisha mtu.

Afisa kazi alikuja siku ya mnada. Kijana mtaratibu, amevaa viatu vya kufunga kamba vilivyojaa udongo. Alikula kwanza, akalipa, akasifu ugali. Kisha akasema yeye ni nani, na kwamba anapita hoteli zote kuona kama watu wanalipwa inavyotakiwa.

Siku hiyo ilikuwa zamu ya Robi kupumzika. Na duara moja lilikuwa limetema usiku wa kuamkia mnada, wachimbaji na wenye ng'ombe wamekutana, hoteli imejaa mpaka mlangoni. Robi alikuwa amefika asubuhi. Alikuwa pale chini kwenye ndoo yake iliyogeuzwa, mikono ndani ya povu mpaka kwenye viwiko.

"Wafanyakazi wako wangapi?" afisa akamuuliza tajiri.

"Watatu. Huyu mama, huyu bwana wa ugali, na huyu binti."

Afisa akatuuliza mmoja mmoja tunalipwa nini. Tukajibu mshahara wa sheria, kwa sababu ndio tuliokuwa tunapokea mkononi kabla ya kugawana. Akaridhika. Kisha akamtazama Robi.

"Na huyu?"

Tajiri akafungua mdomo, afisa akamwinulia mkono kwa heshima, akachuchumaa mbele ya Robi. "Mama, pole na kazi. Wewe umeajiriwa hapa?"

Robi akainamia povu lake.

"Usiogope," afisa akamwambia. "Mimi nimekuja kwa ajili ya watu kama wewe. Kama unafanya kazi hapa niambie, nitahakikisha unalipwa kama wenzako."

Nilikuwa nimesimama na mwiko. Mama Nyangi alikuwa na kijiko cha mchuzi hewani. Robi alimtazama Mama Nyangi, akanitazama mimi, akamtazama tajiri. Alikuwa anakumbuka maneno ya kigoda: nafunga mlango, hamtabaki hata mmoja. Niliyaona yanapita usoni kwake.

"Hapana, baba," akasema. "Nimekuja kusaidia tu. Kwetu tunasaidiana."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Leo ni mnada, wamezidiwa."

Afisa akasimama, akatupongeza kwa umoja wetu, akaenda hoteli ya jirani. Robi akaendelea kuosha mpaka sahani ya mwisho.

Jioni tajiri akaja. Hakuleta kigoda.

"Robi, ahsante," akasema. "Umeokoa nyumba hii. Lakini kesho usije."

Nikauacha mwiko, nikasimama mbele yake. "Tajiri, huyu ni wetu. Tunamlipa wenyewe, wewe hutoi kitu."

"Mwita, amesema mwenyewe mbele ya serikali kwamba hafanyi kazi hapa. Yule kijana atapita tena. Akimkuta amekaa kwenye ndoo ileile, mimi ni mwongo, na yeye ni mwongo, na ninyi watatu ni waongo. Unataka nimwambie kila siku ni mnada?"

"Basi mwandike. Tuwe wanne."

"Nimwandike niwalipe na nini? Na haya mabati?"

Nikarudi kwenye mwiko. Mama Nyangi aliketi kwenye gunia la unga. "Risaga ni ya mashamba yetu," akasema polepole. "Hili halikuwa letu hata mmoja." Robi alikuwa anakunja kitenge chake. Alisema mama mkwe wake angetusalimu.

Mwezi ule tulilipwa mshahara wa sheria mzima, bila kugawana. Nisidanganye, ulinifaa. Niliezeka nyumba yangu Machochwe kwa mishahara ile na mwanangu Ghati akavaa viatu vya shule. Wanaosema sheria ile ilikuwa mbaya sikubaliani nao, waje wasonge kwa ule wa zamani tuone. Wanaosema haikumuumiza mtu, nao sikubaliani.

Watatu hatukuweza kazi ya wanne. Vyombo vilimwangukia Mama Nyangi, kwa umri ule, na miguu ikaanza kumvimba. Tajiri akaondoa chapati kwenye chakula cha asubuhi, kisha chai ya mchana, kisha akawaambia wateja wajichotee maji wenyewe. Bhoke alipoolewa hakutafutwa mwingine. Mama Nyangi alirudi Sirari akiwa anatembea kwa kushika ukuta, tukabaki mimi na mke wa tajiri, ambaye redio haimhusu. Baadaye nikaja hapa Mugumu. Ile hoteli nasikia mabati yake sasa yako juu ya zizi.

Kabla sijahama, Robi nilimkuta kwenye mialo, kule wanakosafisha mchanga wa dhahabu. Alikuwa anauosha kwenye karai la zebaki kwa mikono mitupu, mikono ileile iliyokuwa inanipa sahani za moto. Binti yake mkubwa alikuwa pembeni anaponda mawe kwa nyundo, saa ambazo watoto wako darasani. Nilikuwa nimempelekea unga na nyama.

"Baba Ghati, umekonda," akasema. "Hawakulishi siku hizi?"

"Wewe acha. Mama mkwe hajambo?"

"Yupo. Sasa haoni kabisa. Anauliza kikapu kilikwenda wapi, namwambia kimetoboka."

Nikamuuliza kwa nini hakusema ndiyo siku ile. Kijana alikuwa amechuchumaa mbele yake, serikali nzima imemwinamia.

Alitikisa karai, akamwaga maji machafu, akachota mengine. "Ningesema ndiyo, na ninyi watatu mngekuwa hapa kando yangu. Mikono ya Mama Nyangi ingeweza haya?" Kisha akacheka kidogo. "Kosa langu moja tu. Ile ilikuwa siku yangu ya kupumzika, nami nikaja."

Ninyi mnaopika sasa, kima kimepanda tena tangu wakati ule, na kitapanda tena. Pokeeni, ni haki yenu. Lakini redio ikitangaza, kabla hamjarusha taulo, tazamaneni mko wangapi jikoni, na kila mmoja ajulikane kwa jina lake, kwa tajiri na kwa serikali. Na siku yako ya mapumziko, hata ukisikia mnada umefurika na wenzako wanazidiwa, kaa nyumbani kwako.